Mlingoti wa Kushoto

Nyungo saba zilikuwa zimeshapaa juu ya paa la Wizara na kushika njia ya mpakani, na watu waliobaki chini walipunga vitambaa mpaka shingo zikawauma. Ungo wa kwanza ulimbeba Mheshimiwa Dokta Kaswiza, Waziri wa Michezo na Uchawi, pamoja na kiti chake. Wa pili ulimbeba naibu wake. Wa tatu mke wa naibu, wa nne masanduku ya mke wa naibu, na wa tano mpiga picha wa kuyapiga picha masanduku yakishuka. Wa sita ulibeba hotuba ya Mheshimiwa, na wa saba nakala ya hotuba hiyo hiyo, endapo ya kwanza ingepata ajali.

Wachezaji walikwenda kwa miguu.

Bi Havijawa, kapteni na golikipa wa timu ya taifa ya wachawi, alisimama barabarani akiutazama ungo wa tatu, ule wenye kiraka cha ukindu, maana ulikuwa wake.

"Anaukalia vibaya," alisema. "Kaegemea ukingoni. Ataupinda."

"Mwache aupinde," alijibu wifi yake, Bi Siwatu, mpishi wa msafara, akiwa na sufuria tatu kichwani. "Ungo ukipinda unanyooshwa. Wewe umempinda mtu mzima."

"Sikumpinda, wifi. Nilimnyoosha."

"Kaka yangu alitoka nyumbani ana miguu miwili. Ukamfanya mti. Leo unanifundisha Kiswahili."

Wakaanza kutembea. Mpakani ni mwendo wa siku mbili, na Bi Siwatu alikuwa na maneno ya siku tatu.

*

Nchi yenyewe haitatajwa jina hapa, wala si kwa woga. Jina lilipelekwa ofisi fulani likahakikiwe na mpaka leo halijarudi, kwa hiyo wenyewe huiita "hapa kwetu" na majirani huiita "kwa wale." Ni nchi ya amani, yenye mvua za wastani na wachawi wenye vibali. Mchawi asiye na kibali ni mhalifu. Mwenye kibali ni mtumishi wa umma, hupewa likizo, na akistaafu hupewa saa ya ukutani.

Mchezo wanaoupenda kuliko yote ni mpira wa ungo. Wachawi saba huku, saba kule, kila mmoja juu ya ungo wake, wanagombea kibuyu ambacho hakipendi kuguswa na kina maoni yake juu ya kila mchezaji. Kibuyu kikipita kati ya milingoti miwili, goli. Ni ruhusa kumgeuza mpinzani kuwa kitu chochote, mradi Fomu ya Kugeuza ijazwe nakala tatu. Halafu ipo kanuni ya tisa, na hiyo ndiyo iliyoleta balaa lote hili. Inasema kilichogeuzwa wakati wa mechi kitabaki kilivyogeuzwa mpaka mechi ifungwe.

Ifungwe, siyo iishe. Hapa kwetu hakuna kitu kinachoisha chenyewe. Semina, mahafali, kozi ya ushonaji, hata msiba wa mtu mkubwa, yote hufunguliwa na mgeni rasmi na kufungwa na mgeni rasmi. Kabla hajatamka kwamba amefunga, hakuna wa kurudi nyumbani wala wa kuonja chakula, hata kama kimepoa, hata kama kimechacha. Filimbi ya refa inasikika, lakini huhesabiwa kuwa ni maoni.

Basi miaka mitatu nyuma, Dokta Kaswiza alifungua mechi kati ya timu ya taifa na nchi jirani. Kufika dakika ya themanini na nane, jirani walikuwa wanaongoza magoli thelathini na moja kwa bila. Redio ya taifa ilitangaza kwamba mchezo ni mgumu kwa pande zote. Ndipo mshambuliaji mmoja wa jirani alipougeuza mlingoti wa kushoto wa Bi Havijawa ukawa moshi.

Goli lenye mlingoti mmoja ni aibu iliyoandikwa kwenye kanuni. Timu hufutwa na jina la nchi huandikwa kwa herufi ndogo mwaka mzima. Bi Havijawa akatazama kulia, akatazama kushoto. Kitu pekee kirefu, chembamba na kilichonyooka karibu yake kilikuwa mumewe, Mwishehe, fundi cherehani mpole, aliyekuwa kamletea maji ya kunywa.

"Baba Chausiku," akamwita kwa jina la binti yao, kama alivyozoea, "simama hapo. Dakika mbili tu."

Mwishehe akasimama. Hakuwahi kuuliza kwa nini, na pengine hilo ndilo lililomponza.

Dakika ya themanini na tisa jirani walirusha uchawi mwingine. Ukampiga Mwishehe, yaani mlingoti, ukadunda, ukaruka mpaka jukwaa kuu. Wote jukwaani walifumba macho. Walipofumbua, Mheshimiwa alikuwepo na suti yake, ila amesimama kwa mguu mmoja. Nyuma yake palikuwa na kiti kikubwa cha mahameli ambacho hakuna aliyekumbuka kukiona asubuhi, kiti chenye sura ya kushangaa. Lakini nani huhesabu viti? Bi Siwatu, jikoni nyuma ya jukwaa, alikuwa ameshika kisu na kumtafuta bata mzinga wa kumchinjia mgeni rasmi. Akakuta kamba tupu. Akawatukana majirani wote kwa wizi, mmoja mmoja, kwa majina ya mama zao.

Mheshimiwa alitazama jikoni. Akakiona kile kisu. Akashika kipaza sauti na kusema kwa sauti iliyopanda ghafla:

"Mechi imeahirishwa."

Kwa neno hilo akawa shujaa. Maana mechi ambayo haijafungwa haijapotezwa, na kesho yake gazeti liliandika kwa herufi kubwa: TUNAONGOZA KWA UPANDE WETU.

Tangu hapo kila baada ya miezi sita timu zilirudi uwanjani, kibuyu kikarushwa, jirani wakafunga goli jingine, na Mheshimiwa akaahirisha. Dakika ya themanini na tisa ilitimiza umri wa miaka mitatu. Watoto walianza shule wakaikuta, wakaiacha hapo hapo. Na Mwishehe alisimama kwenye mvua na jua, amepakwa chokaa nyeupe, na kibao kimepigiliwa misumari kifuani: NI MARUFUKU KUFUNGA MBUZI HAPA.

*

Walipofika kwenye uwanja wa mpakani, Bi Havijawa hakwenda kupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlingoti, akamfungua mbuzi wa watu, akatoa kitambaa na chupa ya mafuta ya nazi, akaanza kumpaka mumewe kutoka juu kuja chini, huku akimpa habari. Chausiku kaolewa. Cherehani ipo, haijaguswa. Yule mteja wa koti la kijivu bado anakuja kuuliza, na bado anaambiwa Jumatatu.

Alipofika chini kabisa, mkono ukasimama.

"Wifi," aliita. "Hebu njoo."

Bi Siwatu akaja na mwiko wake. Akainama. Kwenye kisigino cha mlingoti palikuwa na njia nyembamba ya udongo, bado mbichi.

"Mchwa," alisema Bi Siwatu. Akaweka mwiko chini.

Bi Havijawa aligonga pale kwa kidole. Palitoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani.

"Miezi sita mingine hafiki," alisema. "Akirudi kuwa mtu atarudi bila mguu. Kama atarudi."

"Mgeuze sasa hivi. Wewe si mchawi?"

"Kanuni ya tisa, wifi. Mechi mpaka ifungwe."

"Basi ikafungwe. Mwenye kufunga si yule pale? Mtu mzima anaogopa mtu mzima?"

Bi Havijawa alianza na refa, Bwana Simbeye, aliyeletwa kutoka nchi ya tatu ili asimjue mtu, na sasa alikuwa anawajua wote pamoja na wajukuu zao.

"Mama, mimi filimbi ya mwisho nimepiga mara tano," alisema. "Ya mara ya tatu niliipiga mpaka nikazimia. Nikaandikiwa barua ya kushukuru kwa mchango wangu."

Akaenda kwa kapteni wa jirani, mzee Lwitiko, aliyekuwa amekaa juu ya ungo uliogeuzwa juu chini akijichua magoti.

"Dada yangu," alisema Lwitiko, "sisi tunaongoza thelathini na sita kwa bila. Tumechoka kuongoza. Mimi nina shamba. Mwambieni mtu wenu afunge, hata mkitaka tuandike mmeshinda nyie. Mimi nataka kuvuna mahindi yangu."

Ikabaki Mheshimiwa mwenyewe. Bi Havijawa alimkuta chini ya turubai, juu ya kile kiti chake cha mahameli. Kiti hicho hakuachana nacho. Alikwenda nacho vikaoni, safarini, na ilisemekana hata kulala alilala juu ya mgongo wa kiti, amekunja vidole. Mara moja moja kiti kiliguna, lakini wasaidizi walizoea kukohoa kwa pamoja kulifunika guno hilo.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Kapteni. Sema kwa kifupi, mimi nitajibu kwa kirefu."

"Mume wangu anataka kuliwa na mchwa. Naomba mechi ifungwe."

Mheshimiwa aligeuza kichwa upande akamtazama kwa jicho moja. Halafu akageuza upande wa pili akamtazama kwa jicho lingine. Nyama ya shingoni, ambayo kwa miaka ile mitatu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye fundo la tai, ikawa nyekundu.

"Kapteni, mechi hii siyo mechi. Mechi hii ni mchakato. Kuna watu wa nje wanaotaka mchakato huu ufungwe, na ukiwauliza kwa nini, wanakwambia eti dakika zimekwisha. Dakika ni za nani? Ni zetu. Taifa halifungi likiwa nyuma. Taifa linaahirisha likiwa mbele ya kuahirisha. Mumeo si mlingoti tu. Mumeo ni nguzo. Hao mchwa tutawaundia kamati."

"Kamati itakaa lini?"

"Kamati haikai, Kapteni. Kamati inaundwa."

Akasimama akapiga hatua tatu, kichwa kikienda mbele kwanza na mwili ukifuata. Hapo chini, karibu na mguu wa meza, palikuwa na punje moja ya mtama iliyodondoka kwenye mzigo wa Bi Siwatu. Mheshimiwa alinyamaza katikati ya neno. Akaitazama. Akatazama huku na huku. Kisha akainama haraka kuliko mtu wa umri wake, na alipoinuka punje haikuwepo.

"Kama nilivyokuwa nasema," alisema, na hakukumbuka alikuwa anasema nini.

Bi Havijawa hakuwa mtu wa kufikiria mabaya juu ya viongozi. Alifikiri tu: mtu huyu ana njaa ya mtama.

*

"Wifi," alisema jikoni, "hivi huyu Mheshimiwa, kwa miaka yote hii, umeshawahi kumpikia?"

"Nitampikia lini? Kila siku anaahirisha. Kwenye kuahirisha hakuna chakula, chakula ni kwenye kufunga. Nabeba masufuria kuja, nabeba masufuria kurudi. Na jikoni kwangu hakanyagi. Akikiona kisu changu anahama jukwaa."

"Basi kesho kifiche kisu. Pika mtama. Kaanga bisi za mtama, chemsha mahindi, weka kande. Nyama usiweke kabisa."

"Mgeni rasmi umlishe kande? Nitaiweka wapi sura yangu?"

"Iweke karibu na sura ya kaka yako."

Bi Siwatu akaenda kuwasha moto.

Bi Havijawa akaandika ombi. Hapa kwetu ombi la kufunga kitu hukataliwa, ila ombi la kuadhimisha kitu halijawahi kukataliwa tangu dunia iumbwe. Aliomba kibali cha Hafla Fupi ya Kuadhimisha Miaka Mitatu ya Mlingoti wa Kushoto. Kibali kilitoka kabla wino haujakauka. Naibu akaongeza gwaride, mke wa naibu akaongeza kukata utepe, na ratiba ikachapwa kurasa nne. Mwisho wa ukurasa wa nne paliandikwa kama inavyoandikwa siku zote: Mgeni Rasmi Kufunga. Chakula.

Siku ya pili saa nne asubuhi mechi ikaendelea. Kibuyu kilirushwa juu, kikatazama timu ya taifa, kikacheka. Winga wa kulia akageuzwa birika na kuendelea kukimbia, maji yakimwagika. Beki mmoja, aliyekwisha kuwa kobe tangu mwaka wa kwanza, aliwahi kibuyu kwa mara ya kwanza na kushangiliwa. Lwitiko alifunga goli la thelathini na saba bila kupenda, kibuyu kilimgonga magoti. Bi Havijawa hakukitazama. Alikuwa juu ya ungo wake uliopinda, mkono mmoja kwenye mlingoti, akisikiliza mchwa wakitafuna.

Refa akapuliza filimbi. Maoni yake yakapokewa. Na hafla ikaanza.

Mshereheshaji alimwita mtu wa kumkaribisha mtu wa kumkaribisha naibu. Naibu alisimama akasema hana mengi, akaongea saa moja na nusu. Utepe ulifungwa kwenye mlingoti ukakatwa, ukafungwa tena kwa sababu mpiga picha alikuwa anabadilisha betri. Wakati huo upepo ulikuwa unatoka jikoni kwenda jukwaani, maana wachawi wa timu ya taifa waliobaki na mikono walikuwa wamekaa nyuma ya jiko wakiupuliza kwa nyungo, na saba wa nchi jirani wakiwasaidia.

Harufu ya mtama uliokaangwa ikafika jukwaa kuu.

Mheshimiwa alikuwa ameanza hotuba. Alifika kwenye ushirikiano wa kikanda. Shingo ikarefuka. Akasoma mstari huo huo mara ya pili. Kule chini Bi Siwatu alifunua sufuria ya kwanza, na bisi nyeupe zikaruka juu zikarudi. Akafunua ya pili, mahindi. Akafunua ya tatu.

"Kwa hayo machache," alisema Mheshimiwa, akiruka kurasa kumi na tisa, "natamka kwamba hafla hii pamoja na mechi hii sasa," akameza mate, miaka mitatu ya uzoefu ikamshika ulimi, "sasa imeahirishwa. Karibuni chakula."

Watu wakapiga makofi. Bi Siwatu akarudisha kifuniko cha sufuria ya tatu.

"Mama mpishi," aliita Mheshimiwa, "unafanya nini?"

"Naahirisha, Mheshimiwa. Ratiba inasema kufunga, halafu chakula. Umeahirisha, na mimi nimeahirisha. Tutakula miezi sita ijayo."

"Lakini kimeiva."

"Kimeiva sana. Ila utaratibu ni wenu." Akafunika sufuria ya pili.

Jukwaa zima likageuka kumtazama Mheshimiwa, kwa sababu hata naibu alikuwa hajala tangu jana. Bi Havijawa alishuka kwenye ungo akaja mpaka mbele ya jukwaa.

"Mheshimiwa," alisema kwa upole, "neno moja tu. Mume wangu amesimama miaka mitatu. Na wewe sikuoni kama umekaa vizuri."

Mheshimiwa alimtazama kwa jicho moja. Jicho lingine lilikuwa kwenye sufuria. Yeye peke yake katika uwanja mzima alijua neno lile lingemfanya nini, na wanaomwonea huruma husema machozi yalimlengalenga. Wengine husema ni mate. Bi Siwatu alishika kifuniko cha mwisho, cha bisi. Akakisogeza. Kikafunika nusu.

"Imefungwa," alisema Mheshimiwa.

"Sauti, Mheshimiwa," alisema refa Simbeye, ambaye hakutaka kurudi mara ya saba.

"Imefungwa. Hafla imefungwa, mechi imefungwa, yote yamefungwa rasmi, acha hicho kifuniko."

Hakuna radi iliyopiga. Winga akaacha kumwaga maji. Kobe akasimama wima akauliza nani anaongoza. Jukwaani, mahali pa kiti cha mahameli, palikuwa na mwanamume amesimama kwa mikono na magoti, suti imekunjamana, uso wa kushangaa. Alikuwa Dokta Kaswiza. Na mgongoni kwake alikuwa amesimama bata mzinga mkubwa, tai shingoni.

"Nani," alisema Dokta Kaswiza bila kuinua kichwa, "nani amekuwa akinikalia?"

Bata mzinga alikuwa ameshaiona sufuria. Aliruka chini, akapita katikati ya gwaride, akaingia kwenye sufuria ya bisi.

"Huyo," alisema Bi Siwatu taratibu, "ni wangu. Nilimfunga kamba mimi mwenyewe."

Bi Havijawa hakuyaona hayo. Alikuwa ameshafika golini. Pale pa mlingoti palikuwa na mtu mrefu, mwembamba, mweupe kwa chokaa, utepe kiunoni na kibao cha mbuzi kifuani, akitazama miguu yake na kuihesabu. Ilikuwa miwili, ila kisigino cha kushoto kilikuwa kama kimekatwa kipande kwa patasi. Akainua macho.

"Havijawa," alisema Mwishehe, "ulisema dakika mbili."

*

Mechi ilimalizika thelathini na saba kwa bila. Gazeti liliandika kwamba hatukufungwa hata goli la thelathini na nane.

Dokta Kaswiza aliunda tume ya kuchunguza nani aliiongoza Wizara kwa miaka mitatu. Tume ilikuta kwamba katika kipindi hicho kazi zilikwenda kama zamani, isipokuwa mafaili yalisainiwa mapema zaidi kwa kuwa Mheshimiwa aliamka kabla ya alfajiri. Ripoti haikutolewa. Dokta Kaswiza hukaa sakafuni mpaka leo, na hataki mtu akae akiwa yeye amesimama.

Bata mzinga hakuchinjwa. Iligundulika ipo sheria kwamba aliyewahi kuhutubia taifa hachinjwi na mpishi wa cheo cha chini. Alipewa banda, na hualikwa kufungua semina ndogo ndogo. Kufunga hafungi.

Naibu alihamishwa. Mkewe alihamishwa kwingine. Masanduku hayajulikani yalipo.

Refa Simbeye alirudi kwao akauza filimbi. Lwitiko alikuta mahindi yameliwa na nyani, akapanda mengine. Bi Siwatu anapika mashuleni na amekwisha kusema yote aliyokuwa nayo juu ya wifi yake, ila huyarudia sikukuu zikifika.

Mwishehe anachechemea mguu wa kushoto. Alimaliza lile koti la kijivu, lakini mteja alikuwa amenenepa. Nyumba yao haipakwi chokaa.

Bi Havijawa alistaafu akapewa saa ya ukutani. Ungo alirudishiwa ukiwa umepinda, akaunyoosha kwa mawe na maji, na siku hizi anapepetea mchele. Akimwambia mumewe amsubiri dakika mbili, mumewe humwitikia, halafu anakaa chini kwanza.